Mjamzito anywe maziwa, sawa. Lakini maziwa gani?

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Nina neno kuhusu maziwa.

Mjamzito akienda kliniki huambiwa ale vizuri, na maziwa hayakosi kutajwa. Ushauri mzuri sana. Maziwa yana kalisi na protini, na kwa familia nyingi ni nafuu kuliko nyama. Ugomvi wangu ni kwamba mara nyingi sentensi inaishia hapo. Maziwa gani? Ya kwenye dumu la baiskeli asubuhi? Mtindi wa kibuyu? Hapo kila mtu ananyamaza.

Tusidanganyane, maziwa mengi tunayokunywa Tanzania hayapiti kiwandani. Yanatoka kwa ng'ombe, yanaingia kwenye dumu, yanafika mlangoni. Sina tatizo na muuza maziwa, naye anatafuta riziki. Tatizo ni wadudu wasioonekana. Kuna bruselosi, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Binadamu naye huupata kwa kunywa maziwa mabichi, na kwa mjamzito unaweza kuharibu mimba. Kuna kifua kikuu cha ng'ombe. Kuna pia listeria, bakteria ambaye hata kwenye friji anaendelea kuzaliana taratibu. Mama anaweza kuhisi mafua tu, kumbe mtoto tumboni yuko hatarini.

Mwaka 1985 huko Los Angeles, Marekani, jibini laini yenye listeria iliugusha watu 142. Vifo vilikuwa 48, vikiwemo vya watoto 20 waliokuwa bado tumboni na wachanga 10. Hiyo ni nchi yenye maabara kila kona. Kwetu nani anahesabu?

Swali hilo silitoi hewani. Watafiti waliwapima wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008. Madaktari walidhani 528 wana malaria. Vipimo vilionyesha malaria kwa watu 14 tu! Baadhi ya wengine walikuwa na magonjwa ya mifugo, bruselosi ikiwemo. Sasa mjamzito akipata homa kisha mimba ikatoka, jirani watasema nini? Malaria. Au atasingiziwa mchawi. Au, mbaya zaidi, atalaumiwa yeye mwenyewe.

Najua jibu litakalokuja: "Mbona bibi zetu walikunywa mabichi na wakazaa kumi?" Ni kweli walizaa kumi. Waulizeni pia walizika wangapi. Hayo huwa hatuyasimulii.

Wengine wanasema kuchemsha kunaua virutubisho. Vitamini kidogo hupungua, lakini kalisi na protini zinabaki. Kiwandani maziwa hupashwa hadi nyuzi joto 72 kwa sekunde 15. Sufuria yako ikichemka na maziwa yakapanda, umeshapita hapo. Yafunike, yaweke kwenye chombo safi. Ukitaka mtindi, chemsha kwanza, yaache yapoe, kisha tia chachu ya mtindi wa kiwandani. Ule unaogandishwa kwa maziwa mabichi usiutegemee, uchachu peke yake hauui wadudu wote.

Nisieleweke vibaya. Simwambii mjamzito aache maziwa. Tayari anakatazwa mengi mno, mpaka mayai eti mtoto atazaliwa hana nywele! Hofu isiyo na sababu inamnyima chakula, na ukimya wetu unampa chakula chenye hatari. Yote mawili ni kumtupa.

Ombi langu ni dogo. Muuguzi anaposema "kunywa maziwa", aongeze neno moja: yaliyochemshwa. Bodi ya Maziwa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilipeleke neno hilo hadi kwa mwenye ng'ombe wawili, isiishie viwandani. Na sisi wanaume, mkaa wa kuchemshia lita moja ya maziwa usiwe hesabu ya kumwachia mke peke yake. Mkaa ni ghali, najua. Lakini tunaununua wa kuchomea mishkaki bila kulalamika.

Nyumbani kwako yanachemshwa? Kama hujui, leo uliza. Nawasilisha.