Tunagombezana kwa Taa, Sufuria Inatufilisi

Ingia nyumba yoyote ya mjini saa mbili usiku, utausikia wimbo ule ule. "Nani kaacha taa ya chooni? Mnadhani umeme unaokotwa?" Mtoto atakimbia, swichi italia ta!, na baba ataegemea kiti chake ameridhika kwamba ameokoa mali. Wakati huo huo, uani, sufuria ya makande inatokota tangu alasiri. Haina mfuniko. Jiko la bati limeiva jekundu mpaka miguuni, na hakuna anayegombezwa.

Mimi nilikuwa polisi wa taa kwa miaka mingi. Nakiri kwamba nililinda mlango wa mbele huku mwizi akipita uani.

Kilichonifumbua macho ni kile kitaa chekundu cha mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kwanza. Kila mwenye mita amekiona kikikonyeza, na kila kukonyeza ni tone la umeme lililokwisha kuliwa. Jumapili moja nilizima kila kitu ndani, hata friji, nikawasha balbu moja tu ya LED ya wati 9, nikavuta kigoda mbele ya mita. Kikakonyeza mara moja. Nikangoja. Dakika zikapita mpaka nikadhani mita imekufa, ndipo kikakonyeza tena. Nikazima balbu, nikachomeka pasi. Hapo nilikuwa sifiki hata kuhesabu tano kabla hakijanikonyeza tena. Jirani aliyekuwa akichungulia ukutani alidhani nimeanza kuagua.

Somo la kigoda kile ni fupi. Chombo kinachotoa mwanga au sauti ni mlaji mdogo. Chombo kinachotoa joto, au kinachofukuza joto kama friji na kiyoyozi, ndicho chenye tumbo. Hesabu yake yeyote anaweza kuipiga: uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Balbu yangu ya wati 9 ikiachwa inawaka saa kumi kila usiku, mwezi mzima haimalizi uniti tatu. Sasa chukua ndoo ya lita 20, uyapashe maji ya bomba kwa umeme mpaka yawe ya kuogea. Umekula karibu nusu uniti kwa mwili mmoja, asubuhi moja. Kwa nusu uniti hiyo balbu ile ingewaka siku mbili, usiku na mchana, bila kuzimwa. Na dumu jeusi la maji likiachwa juani tangu saa nne, jioni linatoa maji ya kumwogesha mtoto bila senti tano.

Simtetei anayeacha taa. Kama ungali na balbu za zamani, zile za uzi wa wati 60, zing'oe leo: tano kati ya hizo zikiwaka saa tano kila jioni hula uniti 45 kwa mwezi, na LED tano za wati 9 hazifiki saba. Lakini nyumba nyingi zilikwisha kubadilisha. Adui amekwisha kukimbia, nasi bado tunarusha mishale kule kule.

Uniti hizo 45 zina uzito zaidi kuliko zinavyoonekana. Hapa Tanzania mteja mdogo wa nyumbani, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ameuziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Akivuka mstari huo, kila uniti ya ziada hupanda bei zaidi ya mara tatu. Basi mwenye kubana anapata mara mbili: anapunguza uniti, na zile anazotumia zinabaki kwenye bei ya chini.

Hapo ndipo ninapowahurumia wapangaji. Nyumba ya vyumba sita, mita moja ukumbini, kila chumba kinachanga sawa. Mwenye redio na mwenye hita wanatoa kiasi kimoja. Ni nani atakayejibana? Akijibana, faida yake inagawanywa na jirani anayechemsha maji ya kunyolea. Na kwa kuwa vyumba sita vinanywea mrija mmoja, uniti 75 huisha mapema, kisha wote wanaingia bei ya juu, hata yule bibi wa chumba cha mwisho mwenye balbu moja. Wenye nyumba hudhani dawa ni kupiga marufuku: pasi mwisho saa tatu, hita hairuhusiwi. Marufuku huzaa wizi wa usiku wa manane. Mali bila daftari huisha bila habari. Mita ndogo kwa kila chumba, iliyofungwa na fundi anayejua kazi, huondoa ugomvi ambao hata mjumbe wa nyumba kumi ameshindwa kuusuluhisha.

Lakini umeme si kesi kubwa ya nyumba zetu. Kesi kubwa iko jikoni, na humo nataka tukae.

Tazama jiko la bati tupu, lile la kuta nyembamba. Mama amekaa kando yake, kanga ameikunja magotini, na kila mara anasogeza miguu kwa sababu miundi inaungua. Ndugu yangu, joto lile linalounguza miundi umelinunua. Umelilipia kwa kopo au kwa sado la mkaa, likatakiwa liende chini ya sufuria, nalo limetokea ubavuni kumchoma mpishi na kupasha joto uwanja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi wa jua kali nchini Kenya waliliona hilo. Wakaazima wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand, wakaligeuza likae vizuri chini ya sufuria ya ugali unaosongwa: bati nje, kiuno kimebanwa katikati, udongo uliochomwa ndani. Udongo hulishika joto lisitoroke. Jiko la namna hiyo, ambalo kwetu limeitwa jiko bora au jiko banifu, likiwa zuri laweza kupunguza mkaa kwa theluthi moja na zaidi kwa upishi ule ule.

Nasema likiwa zuri, kwa maana sokoni yapo pia ya ujanja ujanja. Nilinunua moja mwenyewe kwa bei ya kutupa, rangi nyekundu inang'aa, na kabla ya mwezi kuandama udongo ulikuwa umepasuka vipande vitatu. Rahisi ni ghali. Siku hizi kabla ya kulipa nagonga udongo kwa kucha: ulioiva tanurini hulia kama kikombe, ulio mbichi hutoa sauti ya boga. Angalia pia kama umeshikana na bati pande zote, usiwe unacheza kama jino la mtoto.

Jiko zuri nalo halimsaidii mpishi asiyefunika. Wengi tuna imani kwamba moto mkali huivisha haraka. Maji yakishachemka yamefika kikomo chake. Ukizidisha mkaa hayawi ya moto zaidi, yanakimbia tu kwa mvuke, nawe unaongeza maji mengine na mkaa mwingine. Maharage hayajui kama chini yake kuna moto wa jehanamu au wa wastani. Yakitokota kidogo kidogo chini ya mfuniko yanaiva sawasawa.

Bibi zetu wa pwani walikuwa na elimu hii bila darasa. Wali ukikaribia kukauka maji, walipunguza moto chini, wakayatwaa makaa yale yale wakayapalia juu ya mfuniko. Sufuria ikapata joto juu na chini kwa mkaa ambao wengine wangeuacha uwe majivu. Sisi wajukuu tumekwenda shule, tumerudi, na sufuria ziko wazi.

Kisha kuna kuloweka. Maharage yakilala ndani ya maji tangu usiku, asubuhi yamefura na yanahitaji muda mfupi zaidi motoni kuliko makavu. Kazi ya kuloweka ni ya dakika moja, ila inataka mtu akumbuke jana atakachokula leo, na hapo ndipo inapotushinda. Mwenye kikapu kikubwa cha ukindu na mablanketi chakavu aweza kwenda mbele zaidi. Chemsha kwa nusu saa maharage yaliyolowekwa, yaingize na sufuria yake ndani ya kikapu, yafunike kwa blanketi kila upande, uende zako shambani au sokoni. Joto lililofungiwa huendelea kupika peke yake kwa saa kadhaa. Ukirudi unayachemsha tena, unaunga nazi. Jirani zangu walinicheka kwamba nawalaza maharage kitandani.

Nimekazania maharage kwa sababu ndiyo yanayotufunga kwenye mkaa. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Lengo jema. Lakini nenda kwa yule aliyekwisha kununua mtungi wa gesi wa kilo 6, umwulize mbona jiko la mkaa bado liko uvunguni. Atakujibu: "Chai na mayai napikia gesi. Maharage yataimaliza." Ni kweli, yataimaliza, yakiwa makavu na sufuria ikiwa wazi. Yakilowekwa na kutiwa kwenye sufuria ya presha, hadithi ni nyingine. Na wakazi wa Mbeya na Njombe, ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100 na maharage hukawia zaidi, presha kwao si anasa.

Ipo na ile ya umeme, yenye wati kama 1,000. Watu wakisikia wati elfu moja wanashika kichwa, na mimi niliyewatisha juu ya joto naelewa. Lakini imefungwa pande zote, haimwagi joto nje, na ikishapata moto hujizima na kujiwasha yenyewe. Maharage huiva kabla uniti moja haijaisha, na uniti moja, hata kwa bei ya juu, Dar es Salaam hainunui kopo la mkaa.

Sasa niwageukie akina baba wenzangu, wasinune. Wengi wetu tunaacha hela ya matumizi mezani kila asubuhi, kiasi cha siku moja, tukidhani ndiyo nidhamu ya fedha. Kwa hela ya siku mama atanunua mkaa wa siku, na mkaa wa kupima siku zote ni ghali kuliko wa gunia. Hawezi kununua jiko banifu, wala presha, wala kujaza mtungi. Tumemfunga mikono kisha tunauliza mbona matumizi hayapungui. Na hewa ya jikoni anaivuta yeye na mtoto wa mgongoni. Sisi tunakuja kukuta chakula mezani, tunaanza kukagua taa.

Mengine nitayapita mbio. Friji la mtumba lina siri zake: niliuziwa moja "kutoka Ulaya", na uniti zikaanza kukimbia kama maji ya mvua. Shida ilikuwa mpira wa mlango. Bana karatasi mlangoni; ikivutika bila kukaza, baridi inatoka usiku kucha. Usiliegemeze ukutani kabisa, usiliweke jirani ya jiko, na barafu ikinenepa uiyeyushe. Pangaboi hula wati zisizofika 100, kiyoyozi kidogo hula mara kumi yake. Na kabla ya vyote viwili, piga dari. Chumba chenye bati tupu juu ni tanuri la mikate, na hakuna feni inayopoza tanuri.

Kuna watakaoniuliza mbona sijahubiri misitu. Nimenyamaza makusudi. Mtu anayehesabu hela ya mkaa wa jioni ukimwambia habari ya misitu anakuona umeshiba. Ukweli wenyewe haubishaniwi: kilo moja ya mkaa uliochomwa porini kwa tanuri la udongo imekwisha kumeza kilo tano mpaka kumi za mti, na atakayetaka ushahidi afike Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, aone msitu wa zamani umekatwa kiasi gani kwa ajili ya meko ya Dar es Salaam. Bandu bandu huisha gogo. Ila mama anayepunguza sado moja kwa kufunika sufuria ameuokoa mti bila kuhubiriwa, na chenji imebaki kwenye pindo la kanga.

Linabaki swali la mtaji: hela ya kwanza ya jiko itoke wapi? Naona jibu liko kwa akina mama tayari. Mitaani wanacheza upatu wa vyombo, wa vitenge, wa mashuka. Wacheze na upatu wa majiko. Wanawake kumi, mchango wa kila Jumamosi, na kila wiki mmoja anatoka na jiko lake lililogongwa na kulia vizuri. Anayepokea wa kwanza awe yule mwenye watoto wengi na jiko bovu kuliko wote. Kijumbe, msimamizi wa upatu, anamjua, hahitaji kupiga kura. Baada ya wiki kumi wamalize majiko, waanze sufuria za presha, na akina baba tuongeze kidogo hela ya Jumamosi.