Kabla hujapandisha bei, soma mita yako

Leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kujibu wateja. Naongelea umeme, hasa kwa sisi tunaouza mtandaoni lakini stoo ni chumbani na kiwanda ni friza.

Mimi nauza mtindi na aiskrimu za vikombe hapa Arusha, upande wa Sakina. Oda zinaingia WhatsApp, bodaboda anapeleka. Nyumba tuliyopanga tuko vyumba vitatu, LUKU moja, tunachanga sawa kwa sawa. Umeme wa elfu 10 ulikuwa unatusogeza siku sita. Mwezi wa sita mwaka jana ukaanza kuisha siku tatu na nusu. Maneno yakaanza.

Mnajua baridi ya mwezi wa sita huku chini ya Meru. Mama wa chumba cha pili alikuwa anachemsha maji ya kuogesha watoto kwa hita kila asubuhi. Basi mimi nikawa nishapata mchawi. Nikamwambia mbele ya watu, "Mama, shikamoo, lakini hiyo hita yako inatumaliza." Akaniangalia tu, akasema, "Marahaba mdogo wangu. Umepima?"

Sikuwa nimepima. Na mpaka leo naamini hilo ndilo kosa letu kubwa wafanyabiashara wadogo: tunahesabu sukari, vikombe na nauli ya boda, ila umeme tunaukisia. Ukipanda tunalaumu mita, tunalaumu jirani, au tunapandisha bei kwa mteja.

Nikaamua kupima. Saa nne usiku watu walipolala nikaandika uniti zilizobaki. Saa kumi na mbili asubuhi nikasoma tena. Uniti moja na nusu na ushee zilikuwa zimeondoka, hita haijaguswa, pasi haijaguswa. Kilichokuwa kinafanya kazi ni taa ya nje na friza yangu.

Mchana nikaomba wote wachomoe vitu vyao, ikabaki friza peke yake. Mita yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kile kitaa chekundu kikiwaka mara 1,000 ni uniti moja. Kilikuwa kinawaka kila baada ya sekunde 19 hivi. Ukigawa sekunde 3,600 za saa kwa 19 unapata kama wati 190. (Kama yako imeandikwa namba nyingine, hesabu kwa hiyo namba.) Wati 190 siyo kitu cha kutisha. Shida ni kwamba haikupumzika hata dakika moja. Friza nzima inawaka, inapoa, inazima. Tena kwa baridi ile ilitakiwa ipumzike zaidi!

Sasa linganisha. Hita ya wati 1,500 kwa dakika 20 ni nusu uniti. Friza yangu kwa siku nzima ilikuwa inakula uniti 4.6. Yaani yule mama niliyemsema mbele ya watu alikuwa anatumia kipande kidogo tu, na mimi ndiye mchawi mwenyewe.

Sababu ilikuwa ya kijinga. Friza nilinunua ya mtumba, mpira wa mlango umekakamaa. Nikabana noti ya elfu kwenye mlango nikaivuta, ikatoka bila kushikwa. Ndani barafu imeganda nene, nyuma nimeisukumia ukutani hewa haipiti. Nikayeyusha barafu, nikaisogeza, fundi akabadilisha mpira. Ikashuka mpaka uniti 1.6 kwa siku.

Tufanye hesabu ya biashara. Kwa bei tunayonunua sisi, pamoja na kodi, uniti moja ni kama shilingi 356. Friza mbovu ilikuwa inakula karibu elfu 49 kwa mwezi. Sasa inakula kama elfu 17. Nauza vikombe 40 kwa siku, kwa hiyo umeme umeshuka kutoka shilingi 41 mpaka 14 kwa kikombe. Nilikuwa nimeshaandika tangazo la kupandisha bei. Nikalifuta.

Ila kilichoniuma zaidi siyo hiyo hasara. Ni kwamba theluthi mbili ya hiyo elfu 49 walikuwa wanalipa majirani zangu, na hawali faida ya aiskrimu yangu. Nilienda kwa yule mama na mtindi, nikaomba radhi mbele ya wale wale niliomsema mbele yao. Sasa hivi elfu 17 ya friza natoa mwenyewe kwanza, inayobaki ndiyo tunachanga.

Najua wengine mtasema biashara bado changa, acha wenzako wakubebe kidogo. Mimi nakataa. Kama biashara haiwezi kulipa umeme wake, bado hujajua kama ina faida.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Soma mita usiku na asubuhi, siku tatu mfululizo. Andika.
2. Chomoa vyote, kisha rudisha kimoja kimoja ukiangalia kitaa.
3. Ukiwa umechomoa kila kitu na mita bado inahesabu, usifungue chochote. Ita fundi umeme anayeaminika au toa taarifa TANESCO.
4. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa kodi ya jengo, usishtuke uniti zikipungua.
5. Kama uko kwenye bei ya matumizi madogo, angalia usipite uniti 75 kwa mwezi. Friza moja mbovu inatosha kukutoa huko.

Anza leo usiku. Daftari la mauzo unalo, ongeza mstari mmoja wa umeme.