Nani Mwenye Usiku wa Jinja?



Jinja ni jiji dogo. Lilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, lakini hadi leo mtu anaweza kutoka katikati ya mji na kufika ukingoni mwa Mto Nile kwa miguu bila kuchoka. Pamoja na udogo huo, jina lake limefika mbali kwa sababu ya muziki wa usiku. Tangu mwaka 2015, tamasha la Nyege Nyege limewaleta huku madijei, wapiga ngoma, wachezaji, wachoraji na washonaji kutoka pande zote za Uganda na kutoka nchi za mbali. Kampuni ya kurekodi muziki iliyoanzishwa na waandalizi wa tamasha hilo ndiyo iliyotoa, mwaka 2017, mkusanyo wa singeli ya Dar es Salaam uliowafanya wasikilizaji wa Ulaya waujue muziki unaoimbwa kwa Kiswahili cha uswahilini.

Hata hivyo, kila tamasha linapokaribia, mjadala huwa ni uleule: lifanyike au lipigwe marufuku? Leo nakuomba tuliache swali hilo kando na tuulize lililo la msingi zaidi. Nani mwenye mamlaka juu ya usiku wa jiji letu, na juu ya nguo wanazovaa vijana wanapotoka usiku huo? Hoja yangu ni kwamba watawala wetu wamezoea kupiga marufuku pale wanapopaswa kupanga. Mazoea hayo yanatunyima kipato na kutuachia kero zilezile. Baya zaidi, yanampa mpita njia yeyote kibali cha kumhukumu mwenzake.

Tuanze na jina, kwa maana mwalimu wa Kiswahili hawezi kulikwepa. Kwetu sisi tuliolelewa katika Kiswahili, neno linalounda jina la tamasha hilo ni la aibu. Linataja ashiki, na halitamkwi mbele ya wazazi. Waandalizi wao wameeleza kwamba walilichukua kutoka Luganda, ambako linataja hamu ya ghafla ya kucheza, hamu inayomfanya mtu ainuke kitini hata kama hakukusudia. Maneno yanayofanana sauti na kutofautiana maana ni jambo la kawaida kati ya lugha jirani. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hufundishwa kuuliza kwanza maana ya neno katika lugha ya msemaji, ndipo alihukumu. Lakini mwaka 2018, Waziri wa Maadili na Uadilifu wa wakati huo, Simon Lokodo, aliagiza tamasha lifutwe kwa hoja ya maadili, kisha agizo likalegezwa baada ya malalamiko ya umma. Septemba 2022, Bunge nalo lilielekeza lisimamishwe, na jina hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyolalamikiwa. Siku chache baadaye serikali, kupitia kwa Waziri Mkuu, ikaruhusu lifanyike kwa masharti.

Tazama mtiririko wa mambo hayo. Amri ilitoka Kampala, na ruhusa ikatoka Kampala. Halmashauri ya jiji, wenyeviti wa vijiji na mitaa, wenye nyumba za wageni, wauza chakula na majirani wa viwanja walibaki kusubiri habari redioni. Mtu aliyekwisha kununua kuku mia moja wa kuchoma hakujua kama atawauza au atawarudisha. Kwangu mimi, kutojua huko ni kosa la kiraia lililo kubwa kuliko jina lolote la tamasha.

Desturi hii haikuanza jana. Mwaka 1972, serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi, na mwanamke aliyekutwa amevaa nguo iliyopita juu ya goti akawa mhalifu. Miaka zaidi ya 40 baadaye, mwezi Februari 2014, Sheria Dhidi ya Ponografia ilitiwa saini. Watu wakaibandika jina la sheria ya sketi fupi, ingawa haikutaja urefu wa sketi. Maelezo yake ya ponografia yalikuwa mapana mno, kiasi kwamba kila mtu aliyapa tafsiri aliyoitaka. Mara tu baada ya hapo, wanawake walianza kushambuliwa na kuvuliwa nguo hadharani, katika vituo vya mabasi na barabarani, na makundi ya wanaume waliodai kwamba wanatekeleza sheria. Agosti 2021, Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya msingi vya sheria hiyo. Hukumu ilikuwa njema, lakini haikuweza kumrudishia hata mmoja wa wanawake wale heshima aliyonyang'anywa mbele za watu.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, ndugu msomaji. Sheria isiyosema wazi nini kinakatazwa haibaki mikononi mwa polisi na mahakimu. Hushuka mitaani, ikachukuliwa na yeyote mwenye nguvu au mwenye wivu. Binti anayetoka usiku kuonyesha gauni alilolishona mwenyewe huwa wa kwanza kulipa gharama yake.

Wapo watakaoniambia: "Mwalimu, hayo ni mambo ya kuiga wageni. Sisi tuna mavazi yetu." Nayaheshimu mavazi yetu, na kwa sababu hiyo napenda tuijue historia yake. Kanzu, vazi la heshima la mwanaume katika arusi za Buganda na Busoga, liliingia katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani, na hata jina lake ni la Kiswahili. Gomesi, vazi la heshima la mwanamke, limebeba jina la fundi cherehani wa asili ya Goa aitwaye Gomes, anayekumbukwa kwa kushona vazi hilo kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza mwanzoni mwa karne ya 20. Mavazi hayo mawili ni yetu kwa haki kabisa. Yamekuwa yetu kwa sababu bibi na babu zetu waliyapokea, wakayabadilisha yaendane na miili na sherehe zao, wakayapa maana. Vijana wa leo wanafanya kazi hiyohiyo. Tofauti ni kwamba malighafi yao ni mivumba, ambayo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huiita mitumba.

Ukipita sokoni siku robota linapofunguliwa, utawaona wakiwahi kuchagua: koti la mtindo wa miaka ya 1970, suruali pana miguuni, shati la maua lenye kola ndefu. Nguo hizo hupelekwa kwa fundi, zikapunguzwa, zikaunganishwa na kipande cha kitenge au cha gome la mutuba, zikawa vazi jipya la jukwaani. Hiyo ni sanaa, na inaweza kuwa biashara. Mbunifu Bobby Kolade, anayefanya kazi zake Kampala, alianza mwaka 2022 kutoa nguo zilizoshonwa upya kutokana na mivumba ya soko la Owino, akaziuza hukohuko nchi tajiri zilikotoka. Mkusanyo huo aliupa jina la Kiingereza lenye maana ya kumrudishia mtumaji alichotuma.

Juu ya mavazi haya pia, tumeongozwa kwa tangazo. Mwaka 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo kuukuu sokoni ndani ya miaka mitatu. Marekani ilipotishia kuondoa upendeleo wa kibiashara wa AGOA, Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda ilishikilia kodi zake, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika upendeleo huo. Agosti 2023, Rais Museveni akiwa Mbale alitangaza kupiga marufuku uingizaji wa mivumba, lakini masoko yameendelea kuuza. Mfanyabiashara ameachwa hapo katikati: shughuli yake imelaaniwa kwa kauli, na bado inatozwa ushuru kila asubuhi.

Sisemi kwamba wanaoipinga mivumba hawana hoja. Mkazi wa Jinja anajua kilichopotea. Bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa mwaka 1954, umeme wake uliendesha viwanda, na kiwanda cha nguo cha Nyanza, maarufu kwa jina la Nytil, kiliwaajiri watu kwa maelfu. Kisha Waasia wakafukuzwa mwaka 1972, vita na uhaba wa vipuri vikafuata, na mji ukadorora. Majengo ya barabara kuu bado yana majina ya wenyewe na miaka ya ujenzi juu ya vibaraza. Lakini angalia mfuatano huo: kuanguka kwa viwanda kulianza kwa amri ya siku moja isiyopima matokeo. Leo sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa ghafi. Tukifunga mivumba kesho bila kuinua viwanda vya nyuzi na mafundi, nafasi itachukuliwa na nguo mpya za bei nafuu za nyuzi bandia kutoka ng'ambo, na fundi wetu atakosa hata kile kipande cha kukata.

Sasa nimgeukie jirani asiyelala. Kuna mgonjwa, kuna mtoto mchanga, kuna mtahiniwa anayejiandaa kwa mtihani wa taifa, na spika za baa zinatikisa madirisha hadi saa kumi alfajiri. Malalamiko yao ni ya haki kabisa. Katiba ya mwaka 1995 inalinda uhuru wa kujieleza katika ibara ya 29 na haki ya utamaduni katika ibara ya 37. Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 17, inamtaka kila raia aheshimu haki na uhuru wa wenzake. Ibara ya 43 inaruhusu haki kuwekewa mipaka, lakini mipaka hiyo sharti iweze kuthibitishwa kuwa ya haki katika jamii huru ya kidemokrasia. Kwa lugha nyepesi: unaweza kuniambia nipunguze sauti, nami nina wajibu wa kutii; huwezi kuniambia ninyamaze milele kwa sababu hupendi wimbo wangu.

Kanuni za kudhibiti kelele tunazo tangu mwaka 2003. Tatizo ni kwamba hazitumiki kila Ijumaa. Tunasubiri tamasha moja kubwa ndipo tukumbuke maadili. Baa isiyo na choo wala mlango wa dharura hufanya kazi mwaka mzima bila kuulizwa, kisha mwezi mmoja tunapiga kelele juu ya jina la tamasha. Kufunga milango tulikwisha kujaribu pia. Kutokana na ugonjwa wa korona, baa zilifungwa Machi 2020 na hazikuruhusiwa kufunguliwa hadi tarehe 24 Januari 2022. Katika karibu miaka miwili hiyo tuliona ni nani anayeishi kwa usiku: muuza rolex na chapati zake, dereva wa bodaboda, mlinzi, mpiga gitaa, msusi, fundi wa taa, mfua mashuka ya nyumba za wageni. Wengi wao hawajawahi kukanyaga ndani ya klabu.

Kupanga kungekuwaje? Halmashauri ya jiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, na uwezo huo utumike. Itaje maeneo ambamo muziki wa usiku unaruhusiwa na saa za kupunguza sauti, tofauti kwa siku za shule na siku za mapumziko. Maombi ya tamasha yajibiwe kwa maandishi na kwa sababu, miezi kadhaa kabla, ili asiwepo wa kubahatisha mtaji wake. Mwenye kibali awajibike kwa taa, vyoo, maji, huduma ya kwanza na usafiri salama wa kurudi nyumbani, na mtoto asiuziwe pombe. Sehemu ya ada irudi katika mtaa uliovumilia kelele, wananchi waione katika taa ya barabarani au mtaro uliozibuliwa. Na kuhusu mavazi, sheria iadhibu anayemshika au kumvua mtu nguo, hata awe amevaa nini.

Hayo hayatakuja tukiwa tumekaa. Kila mwaka halmashauri huitisha kikao cha kujadili bajeti, na viti vingi hubaki vitupu. Nenda. Ukiwa msanii, nenda na wenzako, na mpelekeeni diwani mapendekezo yaliyoandikwa. Ukiwa jirani uliyechoshwa na kelele, nenda pia, na useme ni saa ngapi unataka kulala. Mkikutana hapo mtagundua kwamba mnachotofautiana ni saa na umbali, na mambo hayo mawili yanaweza kupimwa na kuandikwa.

Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Kijana wa Jinja anacheza kwao, amevaa nguo aliyoishona kwao, kwenye ukingo wa mto wa kwao. Kumtunza ni pamoja na kumwekea mipaka iliyo wazi, aliyoshiriki kuiweka, inayolinda na usingizi wa jirani yake. Kikao kijacho cha bajeti kitakapotangazwa, mwulize mwenyekiti wa mtaa wako tarehe, kisha mwambie na jirani.