Fundi, mgongo wako nao ni mtaji

Nashona nguo Mwananyamala, na kila nikiwahimiza mafundi wenzangu wafanye mazoezi ya nguvu, jibu ni lile lile: "Kazi yetu yenyewe mazoezi tosha." Sikubali. Cherehani inakuinamisha kutwa nzima. Miguu inakanyaga pedeli, lakini mgongo, mapaja na mabega hayabebi uzito wa maana. Na misuli isiyopewa mzigo hupungua, hasa umri ukishavuka miaka 30.

Mwajiriwa akiumwa mgongo ana likizo ya ugonjwa. Sisi tukilala, kazi nayo imelala, na kodi ya fremu haingoji.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Hilo halihitaji ada ya jimu. Mimi nimechagua Jumatatu na Alhamisi, kabla sijafungua fremu, maana mteja akishaingia, siku si yako tena. Nachuchumaa na kuinuka, napiga pushapu nikiegemea meza ya kukatia, kisha nainama mgongo ukiwa umenyooka na kuvuta dumu la maji la lita 5 hadi ubavuni. Dumu hilo ni kilo 5. Mkono ukilizoea, nachukua la lita 10.

Msimu wa Idi na Krismasi oda hufurika. Hapo punguza raundi, usifute siku. Oda za wateja tunaziandika kwenye daftari. Mazoezi nayo tuyaandike humo humo, maana bosi wa kutukumbusha hatuna.