Nani Ataacha Nafasi ya Njia?



Tunaandika juu ya mashamba ya Miti, na tunawaomba ndugu zetu wa Bukavu wasikasirike kabla ya kufika mwisho wa barua hii.

Kila aliyepita barabara ya Goma anapajua kwetu. Ukitoka mjini unapita Mudaka, halafu unafika Miti, pale njia ya Walikale inapoachana na ile ya Kavumu na kuanza kupanda kuelekea Tshivanga na mlima Kahuzi. Karibu yetu iko Mulungu, ambapo INEAC, leo INERA, ilikuwa na mashamba ya majaribio ya kahawa, chai na kinkina. Ni pahali pa migomba, maharagwe na baridi. Usiku tulizoea kusikia vyura tu.

Sasa tunasikia nyundo. Shamba moja kubwa juu ya kartie yetu limekatwa vipande, na vipande vimeuzwa. Sisi tunaoshika kalamu mgodini tumezoea kuhesabu, basi tulikwenda kuhesabu. Kiwanja kimoja kina mita 10 kwa 15. Maana yake, hektari moja inatoa viwanja 66, kama muuzaji haachi hata hatua moja ya njia. Naye hakuacha. Ukiweka watu sita katika kila nyumba, ni karibu watu 400 juu ya hektari moja, pamoja na vyoo vya shimo 66, na chini yake iko chemchemi tunakoteka maji.

Tuhesabu tena mvua. Tuseme kila nyumba ina mabati ya mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 30, ambayo kwetu si mvua ya kushangaza, itamwaga kutoka mabati hayo lita 118,800, yaani karibu mapipa 600. Zamani maji hayo yalinywewa na udongo wa migomba. Kesho yatashuka wapi? Ndugu wa mgodini, ninyi mnajua: hakuna kapita anayechimba shimo bila kuuliza kwanza maji yatatokea wapi. Mbona juu ya nyumba ya watoto hatuulizi?

Si maneno ya kutisha bure. Tarehe 4 Mei 2023 mito ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, kwenye barabara hii hii yetu. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Maiti zaidi ya 400 zilizikwa. Bukavu nayo, kila msimu wa mvua, inazika watu walioangukiwa na ukuta au kilima. Na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilionyesha nyumba zilizobebana zinavyoangushana.

Kuna mtu atasema: ninyi wa Miti mna mashamba, mnataka kutufungia mlango. Tunamsikia, na neno lake lina haki ndani yake. Watu hawakupenda kujaza Bukavu. Walikimbia vita kuanzia 1996, wakaacha ng'ombe na mashamba yao Walungu, Shabunda na Bunyakiri, wakajenga walipopata pa kusimama, hata kwenye miteremko ambayo mbuzi angeikataa. Mfanyakazi anayelipa nyumba kila mwezi naye anataka yake kabla ya kuzeeka. Hatumfukuzi. Na tukubali bila kuficha: wauzaji wengi ni sisi wenyewe. Mzee anauza shamba la maharagwe, analipa deni la hospitali na masomo ya mtoto, na mwaka unaofuata ananunua maharagwe sokoni.

Kinachotuumiza ni namna ya kujenga. Wakoloni waliweka wazungu Ibanda na bustani zao, wafanyakazi weusi wakawekwa Kadutu. Katika miaka ya 1950 Office des Cités Africaines ilijenga Bagira: nyumba ndogo, zimefuatana kama askari kwenye mstari, lakini njia ilipimwa kabla ya nyumba. Hatuwasifu, waliopima njia ndio waliomkataza mtu mweusi kulala Ibanda. Lakini ni aibu kwetu kwamba, tangu tulipojitawala mwaka 1960, njia ndiyo kitu cha kwanza tunachouza. Moto ukishika Kadutu, gari la kuzima moto halina pa kupita, na nyumba zinateketea kwa makumi. Hata Nguba na Muhumba, kartie za ukimya, bustani zimekatwa na kujengwa mpaka ukutani.

Na karatasi? Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali. Juu ya mashamba tunayoyashika kwa desturi, ilisema amri ya Rais itakuja kueleza haki zetu. Amri hiyo haikuja. Basi mmoja ana kalinzi ya babu yake, aliyotolea ng'ombe kwa shefu. Mwingine anakuja na karatasi ya ofisi ya mjini. Wa tatu ana hati ya mkono yenye mashahidi wawili ambao hawaonekani tena. Kiwanja kimoja, watu watatu. Halafu vita ilifika Kavumu na kuingia Bukavu mwezi Februari 2025, na wakati wa hofu watu huuza upesi na kununua upesi.

Kwa hiyo tunasema kwa ndugu wa mgodini anayeweka franka zake kando kwa ajili ya kiwanja: kabla ya kulipa, tembea juu yake siku ya mvua. Uliza njia iko wapi, na mtaro, na choo kitakuwa umbali gani na maji. Waite majirani wa pande zote nne waonyeshe mpaka. Muuzaji akikwambia njia itatafutwa baadaye, rudisha pesa mfukoni. Na kwa mashefu tunaomba neno moja: shamba lisikatwe mpaka njia na eneo la chemchemi viwekewe alama mbele ya watu wote.

Kartie yetu imeanza. Jamaa wanaopakana na njia ya chemchemi wamekubali kurudi nyuma mita mbili kila mmoja, ili kamyo ipite. Ni mmoja tu aliyekataa. Migomba yake ingali imesimama katikati. Tutarudi kwake Jumapili, baada ya misa.