Upasuaji Huu si Urembo

Ndugu wazazi, wengi wakisikia upasuaji wa kurekebisha maumbile hudhani ni anasa ya matajiri. Njooni wodi ya watoto mwone.

Mtoto akiungua, kidonda hupona lakini kovu hukaza. Kidevu hushikana na kifua, vidole hujikunja. Hawezi kushika kalamu wala jembe. Nilipoanza kazi, tulifunga vidonda tu. Ngozi ikiziba, tulimruhusu mtoto arudi nyumbani huku tukijisifu. Hatukunyoosha kiungo kwa banzi, wala hatukumwelekeza mama. Baadhi walirudi vilema, na jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji huo, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki, ambayo leo ni Amref. Tunawashukuru. Lakini ndege huja na kuondoka, na moto wa jikoni upo kila siku. Kwa maoni yangu, heri daktari wa wilaya afundishwe kupandikiza ngozi kuliko sisi kungoja wageni.

Mdomo sungura nao hushonwa mtoto akifikisha miezi mitatu hivi, kama uzito wake unatosha. Si laana, wala mama hakutazama kitu kibaya (bado naambiwa hivyo!). Msimfiche ndani. Na akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, msimpake dawa ya meno, kisha mleteni siku hiyo hiyo.