Kura Yangu Ilipigwa Dodoma Nikiwa Nimelala

Jamani, leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya zamani. Ni ya Julai 2015, mwaka niliopiga kura yangu ya kwanza ya urais. Kila uchaguzi unapotajwa inaamka upya, kwa hiyo mnivumilie niitue hapa.

Kwa waliosahau: makada 42 wa CCM walichukua fomu za kuomba kugombea urais, 38 wakarudisha. Thelathini na nane! Kijiweni tulitaniana kwamba muda ukiongezwa hata muuza kahawa atachukua. Kamati Kuu ikakaa Dodoma, usiku tukaletewa majina matano: Bernard Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali na John Magufuli. Halmashauri Kuu ikabakiza matatu. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Kwisha habari. Kulipokucha tukaambiwa rais mtarajiwa ni nani.

Sasa nitoe maoni yangu kama mpiga kura tu, maana ukada sina.

Lowassa sikumtaka. Aliyejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la Richmond alikuwa na maswali ya kutujibu kwanza. Lakini fomu ilitaka wadhamini 450, yeye akarudi na laki kadhaa. Mtu wa namna hiyo unamshinda kwa hoja, hadharani. Kumkata chumbani ni kumpa huruma ambayo hakuitolea jasho, na Oktoba tukaiona: karibu asilimia 40 ya kura akiwa upande wa pili.

Membe nilimwona hodari wa kuzungumza na mabalozi kuliko na sisi wa daladala. Makamba, miaka 41, aliongea lugha yetu vijana, ila sikumsikia akibanwa na mpinzani aseme fedha za mipango yake zitatoka wapi. Migiro aliwahi kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Amina alikuwa balozi wa Umoja wa Afrika kule Washington. Wanawake wawili katika tatu bora, si jambo dogo! Lakini Julai iliisha sijui hata mmoja wao angefanya nini na bei ya umeme.

Na Magufuli? Tulimjua kwa kilomita za barabara, alizikariri kama sala. Mimi ningemuuliza swali moja tu: Mheshimiwa, ukipingwa unafanyaje?

Hakuna aliyemuuliza hadharani. Jibu tulilipata kuanzia 2016: mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yakasitishwa, magazeti yakafungiwa. Mimi ni mwandishi wa habari. Jibu lile nimelilipia.

Wapinzani nanyi msicheke. Lowassa alijiunga na Chadema Julai 28, wiki moja baadaye akawa mgombea urais. Dkt. Slaa akajitoa kwenye siasa, Profesa Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF. Miaka mingi mmetufundisha kwamba Lowassa ni fisadi, kisha mkatuletea huyo huyo mkisema sasa ni mkombozi. Mimi niliyewaamini mliniuliza?

Najua mtaniambia, "Chama kina utaratibu wake, kama hutaki jiunge upige kura." Hapo ndipo mnapokosea. Kwanza, mwaka huo huo wa 2015 wanachama wa kawaida wa CCM walipiga kura za maoni za ubunge huko matawini. Kwa urais waliambiwa wakae nyumbani wasikilize redio. Pili, nchi hii hairuhusu mgombea binafsi, ingawa Mahakama ya Afrika ilisema mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki. Mlango wa chama ukiwa ndio mlango pekee wa kuingilia Ikulu, anayeshika ufunguo anashika na kura yangu. Si mambo yenu ya ndani tena. Ni yangu pia.

Mwaka 2015 nilikasirika kwa kukatiwa majina. Januari 19, 2025 hayakuwapo hata majina ya kukata. Mkutano Mkuu ulioitishwa kumpata makamu mwenyekiti uliisha umempitisha Rais Samia Suluhu Hassan peke yake kuwa mgombea wa Oktoba, na Dkt. Emmanuel Nchimbi mgombea mwenza. Ndiyo, Nchimbi yule yule ambaye mwaka 2015, pamoja na Sophia Simba na Adam Kimbisa, alisimama mbele ya waandishi kujitenga na uamuzi wa Kamati Kuu. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Sidai makubwa. Waombaji wabishane hadharani, redioni na kwenye runinga, kabla ya kikao chochote. Anayekatwa atajiwe sababu. Na mwanachama wa tawi apewe kura ya urais kama alivyopewa ya ubunge. Vyama vyote, si kimoja.

Vinginevyo tusidanganyane kwamba tunachagua. Tunapelekwa sokoni kununua samaki ambaye bei, ukubwa na jina lake vimeshaandikwa, kisha tunapongezwa kwa kujitokeza kwa wingi.

Wewe unasemaje?